Msaidizi wa Akili Unde Anapokwama Kuendesha Skani za Usalama: Dalili, Visababishi na Marekebisho

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuunganisha msaidizi wa akili unde na zana za kukagua usalama wa mitandao, kisha akaona mambo hayaendi alivyotarajia. Muungano ninaouzungumzia ni ule unaopitia itifaki ya MCP (Model Context Protocol), yaani kanuni za kumuunganisha msaidizi na programu nyingine, ambayo kampuni ya Anthropic iliitangaza Novemba 2024 na ambayo imepokelewa na watengenezaji wengine wengi. Mpangilio wake si mgumu kuueleza: programu ya msaidizi, kwa mfano Claude Desktop, huanzisha programu ndogo iitwayo seva ya MCP, seva hiyo humtajia msaidizi zana zilizopo, na msaidizi anapoomba mojawapo, seva huendesha Nmap (inayokagua poti, yaani milango ya mtandao ya mashine), Nuclei (inayotafuta udhaifu unaojulikana), Subfinder (inayotafuta vikoa vidogo) au ZAP (inayokagua tovuti) kwenye mashine yako na kumrudishia majibu. Viungo basi ni vitatu, yaani kati ya msaidizi na seva, kati ya seva na zana, na kati ya zana na mtandao unaokaguliwa. Karibu kila tatizo nililowahi kulifuatilia lilikuwa kwenye kimojawapo cha viungo hivyo, wala si ndani ya modeli yenyewe, yaani akili unde iliyo nyuma ya msaidizi.

Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza huwa ni moja kwa karibu dalili zote: chukua amri ileile ambayo seva inasema imeiendesha, iendeshe kwa mkono ukiwa mtumiaji yuleyule, ndani ya kontena lilelile ikiwa unatumia kontena (mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu, kama ya Docker), kisha linganisha. Amri ikishindwa mikononi mwako, tatizo liko kati ya zana na mtandao, na hakuna sababu ya kubadilisha hata neno moja katika maelekezo uliyompa msaidizi. Ikifanikiwa, rudi nyuma kiungo kimoja. Seva isiyoandika popote amri kamili iliyoiendesha, pamoja na saa iliyoanza na namba ya kutokea iliyorudishwa (namba ambayo programu huiacha inapomaliza, kuonyesha kama imefanikiwa), haifai kwa kazi hii mpaka irekebishwe, kwa maana bila kumbukumbu hiyo utabaki kukisia.

Fanya majaribio mahali unaporuhusiwa. Juice Shop ya OWASP, shirika linaloshughulikia usalama wa programu, ni programu ya tovuti iliyojengwa makusudi ikiwa na udhaifu, na huwashwa kwenye mashine yako kwa `docker run --rm -p 3000:3000 bkimminich/juice-shop`. Mradi wa Nmap nao umeweka mashine ya scanme.nmap.org ambayo wanaruhusu ikaguliwe kwa kiasi. Kukagua mfumo wa mtu bila idhini yake ya maandishi kunaweza kukufikisha mahakamani, Tanzania kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya kwa sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018, na hakimu hataridhika na maelezo kwamba ni msaidizi aliyechagua kulenga huko.

Seva haionekani kabisa kwenye orodha ya msaidizi

Mara nyingi chanzo ni faili la usanidi. Kwa Claude Desktop faili hilo ni `claude_desktop_config.json`, na mkato mmoja uliozidi mwishoni mwa orodha unatosha kuliharibu lote. Kwenye Windows, alama ya mkwaju wa nyuma katika njia ya faili lazima iandikwe mara mbili, la sivyo JSON, yaani muundo wa maandishi wa faili hilo, haisomeki. Baada ya kurekebisha, funga programu kabisa na kuifungua upya. Kufunga dirisha pekee hakutoshi.

Faili likiwa sawa na kumbukumbu zikaonyesha maneno `spawn nmap ENOENT` au mengine ya namna hiyo, maana yake mfumo haukuipata programu iliyotajwa. Watu wengi hushangaa hapa, kwa kuwa amri hiyohiyo kwenye terminali yao inafanya kazi vizuri. Tofauti ni kwamba programu iliyofunguliwa kwa kubofya picha yake haisomi mipangilio ya terminali yako. Kwenye macOS, kwa mfano, hupewa njia chache tu za mfumo, wala haijui `/opt/homebrew/bin` ambako Homebrew huweka zana kwenye mashine za Apple silicon, wala `go/bin` ndani ya folda yako ya nyumbani ambako zana za ProjectDiscovery (watengenezaji wa Nuclei na Subfinder) hukaa zikisakinishwa kwa lugha ya Go. Andika njia kamili ya kila zana. Usitegemee PATH, yaani orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta programu.

Vigezo vingine vya mazingira hukumbwa na jambo lilelile. Maktaba rasmi za MCP hazimpitishii mchakato mtoto, yaani programu inayoanzishwa na nyingine, vigezo vyote, bali vichache tu kama HOME, PATH na USER. Ufunguo wa Shodan (huduma ya kutafuta mashine zilizo mtandaoni) au wa huduma nyingine uliouweka kwenye `.zshrc`, faili la mipangilio ya terminali, hautafika, uandike katika sehemu ya `env` ya usanidi, au ufuate utaratibu wa zana husika, kama Subfinder inavyosoma faili la `provider-config.yaml`. Ukiliacha hili, Subfinder haitalalamika hata kidogo. Itarudisha vikoa vidogo vichache kutoka vyanzo visivyohitaji ufunguo, na msaidizi ataviwasilisha kana kwamba ndivyo vyote.

Lipo pia tatizo la majina yanayogongana. Ipo `httpx` ya ProjectDiscovery inayopima tovuti zilizo hai, na ipo `httpx` nyingine ambayo ni maktaba ya Python yenye amri yake. Ukiona seva inarudisha malalamiko kuhusu chaguo lisilojulikana, kagua ni ipi inayoitwa. Kwenye Kali Linux, mfumo wa uendeshaji wa wakaguzi wa usalama, ile ya ProjectDiscovery husakinishwa kwa jina la `httpx-toolkit`, nadhani kwa ajili ya kuepusha mkanganyiko huuhuu.

Muungano unaanza vizuri, kisha unakatika zana ya kwanza inapoitwa

Seva ya MCP inayoendeshwa kwenye mashine yako huzungumza na msaidizi kupitia stdin (mkondo wa kuingizia maandishi) na stdout (mkondo wa kuyatolea), ujumbe mmoja wa JSON kwa kila mstari. Chochote kingine kinachoandikwa kwenye stdout huvuruga mazungumzo hayo. Kosa la kawaida ni `print` ambayo mwandishi wa seva aliiacha alipokuwa akitafuta hitilafu. Jingine ni kumwacha mchakato mtoto arithi stdout ya seva, hata nembo ya Nuclei iliyochorwa kwa herufi au mstari wa kwanza wa Nmap ukaingia katikati ya ujumbe. Kumbukumbu zitaonyesha lalamiko kuhusu herufi isiyotarajiwa katika JSON, na ukiitazama herufi yenyewe mara nyingi utaitambua zana iliyoiandika. Maandishi ya kumbukumbu yaelekezwe stderr (mkondo wa makosa), na matokeo ya mchakato mtoto yakamatwe na seva badala ya kupita moja kwa moja.

Upande wa stdin hauzungumzwi sana, ingawa ndio ulionipotezea muda mwingi zaidi. Nuclei na `httpx` zimetengenezwa zipokee malengo kutoka kwenye bomba la amri, hivyo zikigundua kwamba stdin si terminali huanza kuisoma. Mchakato mtoto aliyerithi stdin ya seva husoma ujumbe uliokusudiwa seva yenyewe. Dalili yake inachanganya: skani ya kwanza haiishi, na seva haijibu tena lolote, hata ombi dogo la kuorodhesha zana, wala hakuna kosa lililoandikwa popote. Dawa ni kumfungia mtoto stdin, kwa Python ikiwa ni `stdin=subprocess.DEVNULL`, na kuongeza chaguo la `-no-stdin` ambalo zana hizo mbili zinalo. Fanya yote mawili.

Ukitaka kutenganisha seva na msaidizi wakati wa uchunguzi, tumia MCP Inspector, ambayo hukuwezesha kuita zana moja moja bila modeli yoyote kuhusika. Hakikisha ni toleo la 0.14.1 au la baadaye, kwani matoleo ya kabla ya hapo yalikuwa na udhaifu uliosajiliwa kwa namba ya CVE-2025-49596 uliomruhusu mshambuliaji kuendesha amri kwenye mashine ya mtengenezaji.

Skani inachukua muda, kisha msaidizi anasema muda umekwisha

Maktaba ya MCP ya TypeScript husubiri jibu kwa sekunde 60 isipopewa maelekezo mengine, na kosa linalotokea huwa na namba -32001. Skani ya Nmap ya poti 1,000 za kawaida dhidi ya mashine moja inayojibu vizuri huweza kumalizika ndani ya muda huo, lakini skani ya poti zote 65,535 kupitia fayawoli inayonyamazia maombi badala ya kuyakataa haitamalizika. Kuongeza muda wa kusubiri husaidia kidogo tu, kwani hakuna kikomo kitakachotosha kila lengo.

Marekebisho ya kweli ni kuigawa kazi. Zana moja ianzishe skani na kurudisha namba ya kazi papo hapo, nyingine iulizwe hali ya kazi hiyo, na ya tatu isome matokeo yakiwa tayari. Wapo wanaoona utaratibu huu ni mzito kwa mradi mdogo. Mimi naona ndio wa lazima kuliko yote, kwa sababu ya jambo linalotokea nyuma ya pazia muda unapokwisha: msaidizi ameacha kusubiri, lakini Nmap haijasimama. Msaidizi hujaribu tena, na tena, na baada ya dakika tano lengo moja linashambuliwa na skani tatu zinazofanana kutoka anwani moja. Tovuti ndogo iliyo kwenye seva ya bei nafuu inaweza kuanguka kwa namna hiyo, na mwenye tovuti hakukupa idhini ya kuiangusha. Seva yako iue mchakato mtoto muungano unapokatika, ikatae kuanzisha skani ya pili dhidi ya lengo ambalo bado linakaguliwa, na iweke kikomo kwa `--host-timeout` kwa Nmap na `-rl` kwa Nuclei. Usipogusa chochote, Nuclei hutuma hadi maombi 150 kwa sekunde, kiwango ambacho seva nyingi za ofisi ndogo haziwezi kukistahimili.

Ikiwa skani haianzi kabisa na mchakato unaonekana umelala, tazama kama seva inatumia `sudo`, amri ya kuendesha programu kwa mamlaka ya msimamizi. Huenda inaomba nywila mahali ambapo hakuna mtu wa kuijibu. Chaguo la `sudo -n` litaifanya ishindwe mara moja kwa kosa linalosomeka.

Matokeo ni matupu, na msaidizi anasema mfumo uko salama

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie zaidi. Hitilafu nyingi zilizotajwa katika mwongozo huu hujitangaza, na mtu huzishughulikia kwa kuwa zinamzuia kuendelea. Hii haimzuii. Skani iliyoshindwa hurudisha maandishi matupu, modeli huyasoma maandishi hayo matupu kama kutokuwepo kwa udhaifu, kisha huandika aya nzuri inayosema kwamba hakuna tatizo lililogunduliwa. Niliwahi kupelekewa ripoti ya namna hiyo kwa ajili ya kuipitia kabla haijakabidhiwa kwa mteja: kurasa kadhaa zilizopangwa vizuri, zote zimejengwa kwenye skani ambayo haikumfikia mteja hata kwa pakiti moja.

Anza na Nmap. Kwa kawaida hupima kwanza kama mashine iko hai kabla ya kugusa poti, na isipojibiwa huandika kwamba mashine inaonekana haiko hewani, inashauri chaguo la `-Pn`, kisha inamaliza kazi bila kosa lolote. Seva inayopeleka orodha ya poti pekee kwa msaidizi huutupa ujumbe huo. Zaidi ya hapo, namna ya kupima hutegemea mamlaka ya mtumiaji: akiwa root (msimamizi mwenye mamlaka yote), Nmap hutuma maombi ya ICMP (ya aina ya ping) pamoja na pakiti za TCP kwenye poti 443 na 80, na kwenye mtandao wa ndani hutumia ARP (itifaki ya kuulizia mashine zilizo kwenye mtandao uleule); asipokuwa root, hujaribu tu kuunganisha kwenye poti 80 na 443. Mashine ya Windows yenye fayawoli iliyowashwa huweza kuonekana kwa mtumiaji mmoja na kutoweka kwa mwingine, wote wawili wakiwa kwenye waya uleule. Ndiyo maana nilisisitiza mwanzoni kwamba amri iendeshwe na mtumiaji yuleyule.

Mamlaka hayo pia huamua aina ya skani. Ukiomba `-sS` (skani ya SYN) au `-O` (kutambua mfumo wa uendeshaji) bila kuwa root, Nmap hukataa na kuacha kazi, na kukataa huko huonekana iwapo tu seva inasoma stderr na namba ya kutokea. Kwenye kontena la Kali unaweza kukutana na jibu la `Operation not permitted` hata kwa amri nyepesi kabisa, kwa kuwa faili la Nmap lililomo limepewa uwezo wa kusimamia mtandao ambao Docker haiwapi makontena yake; ongeza `--cap-add=NET_ADMIN` wakati wa kuliwasha. Jambo jingine la makontena ni anwani ya `localhost`: ndani ya kontena inamaanisha kontena lenyewe. Msaidizi akiambiwa akague Juice Shop kwenye `localhost:3000` wakati Nmap iko kwenye kontena jingine, atakuta poti imefungwa. Kwenye Docker Desktop tumia `host.docker.internal`, kwenye Linux yaweke makontena yote mawili katika mtandao mmoja na kuyaita kwa majina.

Nuclei ina njia zake za kunyamaza. Isipopata violezo, yaani faili zinazoieleza udhaifu wa kutafuta, na ikashindwa kuvipakua yenyewe, husema hivyo na kusimama, jambo linaloweza kutokea pale seva inapoendeshwa kama huduma ya mfumo yenye HOME (folda ya nyumbani) tofauti, violezo vikiwa vimebaki kwenye folda ya mtumiaji wa kawaida. Hilo ni rahisi kuligundua. Gumu zaidi ni kwamba lengo likishindwa kujibu mara 30, Nuclei huliondoa kwenye orodha na kuendelea kana kwamba limekwisha kukaguliwa. Tovuti iliyo nyuma ya fayawoli ya programu za tovuti humzuia mtumaji baada ya sekunde chache za maombi 150 kwa sekunde, makosa 30 yanatimia, na maelfu ya violezo vilivyosalia havijaribiwi kamwe. Chaguo la `-silent`, ambalo waandishi wa seva hulipenda kwa kuwa linasafisha matokeo, ndilo linaloficha maelezo hayo. Liondoe, washa `-stats`, punguza kasi hadi maombi 10 au 20 kwa sekunde, na utazame idadi ya maombi yaliyotumwa ikilinganishwa na yaliyotarajiwa.

Marekebisho yanayohusu sababu zote hizi kwa pamoja yako ndani ya seva. Jibu linalomrudia msaidizi lisiwe orodha ya udhaifu pekee. Liwe na hali ya kazi, amri kamili, namba ya kutokea, mashine zilizoonekana hai kati ya zilizoombwa, maombi yaliyofanikiwa na yaliyoshindwa, pamoja na mistari ya mwisho ya stderr. Mashine zilizo hai zikiwa sifuri, seva irudishe kosa, kwa maana modeli hulichukulia kosa tofauti kabisa na orodha tupu. Kisha weka lengo la kudhibiti: kabla ya kila mzunguko, skani ipite kwanza kwenye Juice Shop yako, na isipoona chochote hapo, kazi isimame. Kifaa kisichoona udhaifu kwenye programu iliyojengwa kwa udhaifu hakina ushahidi wa kutoa mahali pengine.

Matokeo ni mengi kuliko akili inavyokubali

Kikoa kimoja kinarudisha vikoa vidogo elfu kadhaa vyenye majina ya ajabu. Tafuta anwani ya jina ulilolibuni, mfano `hakunajinahili7391` mbele ya kikoa hicho. Likipata jibu, kikoa kimewekewa rekodi ya DNS inayopokea kila jina, na orodha ile haina thamani mpaka ichujwe.

Kila kikoa kidogo kinaonyesha poti zilezile: 80, 443, 8080, 8443, 2052, 2053, 2082, 2083, 2086, 2087, 2095, 2096. Hizi ni poti ambazo Cloudflare, huduma inayosimama kati ya wageni na tovuti, hupokea mawasiliano ya tovuti kwa wateja wake wote, kwa hiyo umeikagua Cloudflare na si mashine ya mteja. Nalitaja hili kwa sababu modeli hukosea hapa kwa namna inayotabirika: inakumbuka kwamba 2082, 2083, 2086 na 2087 ni poti za cPanel na WHM, kisha inaandika kwa uhakika mkubwa kwamba paneli ya usimamizi iko wazi mtandaoni. Seva ilinganishe kila anwani na safu ambazo Cloudflare huzichapisha hadharani, na iweke alama kwenye jibu kabla halijamfikia msaidizi.

Poti zote zikionekana wazi na kuandikwa `tcpwrapped`, kuna kifaa njiani kinachojibu kwa niaba ya kila mtu. Jaribu kutoka mtandao mwingine.

Wingi wa maandishi ni tatizo pia. Modeli hushika kiasi fulani tu cha maandishi kwa wakati mmoja, na matokeo ya megabaiti tano yatakatwa mahali fulani bila wewe kuambiwa ni wapi. Omba matokeo yenye muundo, `-oX` kwa Nmap na `-jsonl` kwa Nuclei, yahifadhi kwenye faili, na umpe msaidizi zana ya kuuliza sehemu anayoihitaji. Kuwa mwangalifu na XML ya Nmap iliyouawa kabla ya kumaliza, kwa kuwa haijafungwa na visomaji vingi vitaikataa.

Msaidizi anataja udhaifu ambao haupo

Chanzo kikuu ni namba za matoleo. Mfano mzuri ni CVE-2024-6387 ya OpenSSH, programu ya kuingia kwenye mashine kwa mbali, iliyotangazwa na Qualys tarehe 1 Julai 2024, inayohusu matoleo ya 8.5p1 hadi 9.7p1 na iliyorekebishwa katika 9.8p1. Msaidizi akiona `OpenSSH 8.9p1` hufanya hesabu rahisi na kutangaza hatari. Lakini Ubuntu 22.04 ilirekebisha kasoro hiyo bila kupandisha namba kuu: kifurushi cha `1:8.9p1-3ubuntu0.10` kiko salama dhidi yake ingawa bado kinajitambulisha kama 8.9p1. Debian na Red Hat hufanya vivyo hivyo. Sehemu ya mwisho ya utambulisho, ile inayoanza na neno Ubuntu, ndiyo yenye jibu, nayo ndiyo ambayo seva nyingi huikata ili kubana maandishi. Irudishe nzima, na umtake msaidizi alinganishe na taarifa za msambazaji wa mfumo badala ya namba ya mradi asilia.

Chanzo kingine ni modeli kukumbuka namba ya CVE isiyohusiana, au kuunda namba ambayo haipo. Usijaribu kulitatua kwa kuiambia isikosee. Sharti liwe kwamba kila dai katika ripoti lina utambulisho wa tokeo lililolizalisha, ambao programu ya kawaida huukagua dhidi ya faili la matokeo. Dai lisilo na utambulisho linafutwa kabla binadamu hajaliona.

Msaidizi anakataa kukagua

Mara nyingi anakataa kwa haki, kwani ameambiwa tu akague anwani fulani bila kuelezwa ni ya nani. Mweleze mipaka ya kazi, mwenye mfumo, na idhini iliyopo. Ukijikuta unatafuta maneno ya kumzungusha, simama na uulize kama idhini hiyo unayo kweli.

Msaidizi anaelekeza skani mahali usipomwelekeza

Dalili hii ikionekana, zima seva kwanza, halafu uchunguze. Visababishi viko vitatu na vyote ni vizito. Cha kwanza ni kutegemea maelekezo ya maneno kuweka mipaka. Modeli inayofuata kila kidokezo cha upelelezi wa awali itakutana na kikoa cha msambazaji wa mteja wako au cha kampuni jirani, na itaona ni busara kukijaribu. Orodha ya malengo yaliyoidhinishwa iwe ndani ya msimbo wa seva, ikaguliwe baada ya jina kugeuzwa anwani, na isiweze kubadilishwa kwa zana yoyote ambayo msaidizi anaifikia.

Cha pili ni namna seva inavyojenga amri. Ikiwa inaunganisha maandishi na kuyapitisha Bash, lengo lenye nukta-mkato na amri nyingine nyuma yake litaendeshwa lote. Kutumia orodha ya hoja badala ya Bash huondoa sehemu kubwa ya hatari, lakini si yote: lengo linaloanza na kistari Nmap italisoma kama chaguo, na chaguo la `-iL` linasoma faili, `-oN` linaandika faili, `--script` linaendesha msimbo. Kubali tu anwani za IP, safu za anwani zilizoandikwa kwa mtindo wa CIDR na majina ya vikoa yaliyopimwa kwa kanuni kali, na uweke chaguo chache zilizopewa majina badala ya nafasi huru ya hoja za ziada, hata kama wenzako watakulalamikia kwamba umewabana.

Cha tatu ndicho kigeni kwa watu waliozoea zana za zamani. Matokeo ya skani yameandikwa kwa sehemu na yule unayemkagua: kichwa cha ukurasa, utambulisho wa huduma ya FTP, rekodi ya TXT ya DNS, jina lililo ndani ya cheti cha TLS. Mtu anaweza kuweka hapo sentensi inayomwagiza msaidizi apuuze alichoambiwa, aandike kwamba mashine iko salama, au akague anwani nyingine. Zana ya kawaida ingeyachapa maneno hayo na kuendelea. Modeli huyasoma pamoja na maelekezo yako, katika mkondo mmoja wa maandishi. OWASP imeuweka uchomekaji huu wa maagizo nafasi ya kwanza katika orodha yake ya hatari za programu zinazotumia modeli kubwa za lugha, toleo la 2025, na hakuna kichujio kinachouzuia kikamilifu.

Kinachowezekana ni kupunguza madhara. Maandishi yanayotoka kwa lengo yakatwe urefu na yawekwe katika sehemu zenye majina, mbali na maelezo ya seva. Seva ya skani isikae pamoja na zana nyingine zinazoweza kusoma barua pepe, kufungua faili za wateja au kutuma ujumbe nje. Hatua yoyote inayovuka upelelezi na kuingia kwenye kujaribu udhaifu isubiri kibali cha binadamu, aonyeshwe amri kamili na si muhtasari wa msaidizi kuihusu. Ukishuku kwamba limekwisha kutokea, chukua kumbukumbu ya miito ya zana, tafuta mwito wa kwanza ulioelekea kusikotakiwa, kisha soma neno kwa neno tokeo lililoutangulia. Agizo, kama lipo, mara nyingi litakuwa humo.